Sanaa kati ya miti ya Kisarawe: tufanyeje ili msitu usiwe pambo tu?

Msimikaji wa Tabata

Wanajukwaa, heshima kwenu. Nimekuwa nikisoma humu kwa muda mrefu bila kuandika, lakini leo nina jambo ambalo siwezi kulimaliza peke yangu.

Sisi ni watu saba tunaofanya sanaa hapa jijini Dar es Salaam: wachongaji wawili, mshonaji wa maumbo makubwa ya kitambaa, waigizaji wawili, fundi wa sauti, na mimi ambaye kazi yangu ni kusimika vitu mahali ambapo mtu hatarajii kuvikuta. Tumekusudia kuandaa tamasha la siku mbili, nyakati za usiku, katika vilima vya Pugu upande wa Kisarawe, ambapo watu hawataketi mbele ya jukwaa bali watatembea kati ya miti na kuikuta sanaa njiani: umbo limening'inia juu ya vichwa vyao, sauti inatoka kichakani, mwigizaji amesimama gizani hatua tatu kutoka walipo. Wengi wenu mtakuwa mmeona picha za Electric Forest, tamasha linalofanyika Rothbury katika jimbo la Michigan, Marekani, tangu mwaka 2011, ambako miti huwashiwa taa za rangi na watu huzunguka humo hadi usiku wa manane. Picha hizo ndizo zilizotutia hamu.

Shida yangu ni hii. Mwaka juzi tulijaribu jambo la namna hiyo, dogo zaidi, katika bustani moja hapa mjini. Tulisimika kazi tisa, tukafunga taa kila mti, tukaweka jenereta nyuma ya ukuta. Watu walikuja wengi kuliko tulivyotarajia, wakapiga picha chini ya mti wa kwanza, wakapiga nyingine chini ya mti wa pili, kisha wakaenda kununua mishikaki. Kazi ya tisa, ambayo mshonaji wetu aliihangaikia kwa miezi minne, ilifikiwa na watu wachache sana. Sikuwalaumu. Nilipopita mwenyewe kama mgeni niliona kwamba hatukuwapa sababu ya kuendelea kutembea, kwa kuwa kila kitu kilionekana kutokea getini, na miti yenyewe tulikuwa tumeigeuza nguzo za kutundikia taa.

Safari hii nataka mtu aingie kweli ndani ya kazi, na nataka msitu uwe sehemu ya kazi hiyo. Tunatarajia watu 600 kila usiku. Naomba mwenye uzoefu wa maonyesho ya kutembea, wa taa na sauti, au wa msitu wenyewe, anieleze wapi tunakosea kabla hatujaanza kutumia fedha.

Mwalimu wa Jukwaani

Ndugu Msimikaji, umekwenda kutafuta Michigan mfano ambao uko Buguruni. Aliyekulia Temeke, Mbagala au Kipawa anaujua mdundiko. Ngoma hii ya Wazaramo haikai mahali pamoja. Inaingia uchochoro huu na kutokea mtaa ule, na anayeisikia hana njia ya kuitazama ila kuifuata. Ndiyo maana wazazi waliwaonya watoto wao, kwa kuwa mtoto aliyeifuata aliweza kujikuta magharibi imeingia naye yuko mtaa asioujua. Hakuna aliyemwambia aende. Mdundo ulikuwa mbele yake kidogo tu, na alipofika ulikuwa umeshasogea.

Hapo ndipo penye jibu la kazi yenu ya tisa. Katika bustani ile kila kitu kilionekana na hakuna kilichoita. Msituni fanyeni kinyume chake: kazi inayofuata isikike kabla haijaonekana, na njia ipinde mahali ambapo mtu akisimama mbele ya kazi moja hawezi kuiona nyingine. Kengele za mguuni mwa mchezaji zikisikika nyuma ya kichaka zitamvuta mtu kuliko taa yoyote.

Kuhusu waigizaji, msiwape maneno mengi. Nimefundisha maigizo kwa miaka mingi na ninaona kosa lile lile likirudiwa kila tunapotoka nje ya ukumbi: mwigizaji anapiga kelele kwa sababu hana kuta, na mtazamaji anarudi nyuma kwa sababu anapigiwa kelele. Gizani mnong'ono unatosha. Gawanyeni watu katika makundi ya watu 15, kila kundi na mtangulizi wake, na mtangulizi huyo asiwe mtoa maelezo wa makumbusho. Akiwa kwenye kizingiti aseme "Paukwa!" na asubiri. Kundi likiitikia "Pakawa!" limeshaingia kwenye hadithi kwa kinywa chake lenyewe, na hakuna tangazo la getini linaloweza kufanya kazi hiyo vizuri zaidi. Wakiitikia kwa uvivu, arudie.

Sasa hesabu. Kundi moja likiondoka kila baada ya dakika 10, kuanzia saa 2:15 usiku baada ya swala ya isha hadi saa 4:45, mtapata makundi 16, yaani watu 240. Watu 600 hawaingii. Ama mpunguze idadi na mwongeze usiku wa tatu, ambapo jumla ya siku zote tatu itafika 720, au mkubali kwamba mnaandaa muziki wa jukwaani wenye mapambo, jambo ambalo si baya lakini silo ulilouliza.

Neno moja zito zaidi. Wachongaji wenu bila shaka watafikiria mapiko ya Wamakonde, ambapo mchezaji huvalishwa kinyago faraghani na kuwatokea watu kijijini akiwa si yule wanayemjua. Mpangilio huo una mafunzo makubwa kwenu: kificho, kusubiri, kisha kutokeza. Jifunzeni mpangilio. Lakini yale ya ndani ya jando na unyago, nyimbo na alama ambazo watu hufundishwa wakiwa wali, msiyachukue mkayauza kwa tiketi, hata kama mmoja wenu ameyapitia na anayajua vizuri.

Fundi Mitambo

Ninaunga mkono aliyoyasema Mwalimu, nami nitazungumzia umeme.

Niliwahi kufunga mitambo katika shughuli moja nje ya mji, mahali nisipopataja. Jenereta ilikuwa mbali kiasi cha mita 80 na tuliiona iko mbali ya kutosha. Kulikuwa na onyesho moja ambapo mwigizaji alisimama kimya kwa dakika mbili mbele ya watu waliomzunguka, na kwa dakika zote mbili kilichosikika ni jenereta. Bado naliona lile tukio. Sauti katika eneo la wazi hupungua kwa takriban desibeli 6 kila umbali unapoongezeka mara mbili, kwa hiyo mashine yenye desibeli 70 ukiwa mita 7 kutoka ilipo itakuwa bado na desibeli 46 ukiwa mita 112. Miti hupunguza kidogo, si sana. Kimya kikiwa sehemu ya kazi yenu, jenereta haina nafasi.

Habari njema ni kwamba hamuihitaji. Taa 200 za LED za wati 3 kila moja hutumia wati 600, na kwa saa tano ni kilowati-saa 3. Betri moja ya volti 12 yenye amp-saa 200 hubeba kilowati-saa 2.4, lakini betri za kawaida za asidi hazipendi kutumika zaidi ya nusu, kwa hiyo hesabu 1.2 kwa kila betri. Betri tatu zinatosha, na sola inazijaza mchana. Mkishusha taa hadi wati 1, moja tu inatosha.

Na wati 1 zitatosha, kwa sababu ambayo watu wa mjini huisahau. Jicho la mwanadamu huhitaji kati ya dakika 20 na 30 kulizoea giza vizuri, na mwanga mweupe mmoja mkali hulirudisha mwanzo. Huko Rothbury mwishoni mwa Juni jua huzama baada ya saa 3 usiku, ndiyo maana taa zao ni kali na nyingi: usiku wao ni mfupi. Sisi jua letu linazama kati ya saa 12:10 na 12:50 jioni mwaka mzima, na haipiti nusu saa giza limeshatanda. Tunapewa usiku bure na mapema, halafu tunakodi mitambo ya kuufukuza. Pale getini wekeni taa hafifu za rangi ya kaharabu au nyekundu, waombeni watu wazime simu na waziweke kwenye mfuko wa kitambaa wanaobaki nao wenyewe, na watembee dakika kumi bila kuona kitu chochote zaidi ya njia. Baada ya hapo koroboi moja chini ya mti itaonekana kama nyumba.

Msanii wa taa Bruce Munro alipofunga kazi yake jangwani karibu na mwamba wa Uluru, Australia, mwaka 2016, alitumia vijiti 50,000 vyenye mwanga mdogo kila kimoja, vinavyopata nguvu kutoka kwenye jua. Wingi ndio uliofanya kazi, ukali haukuhitajika.

Kwa upande wa sauti, mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa wasanii Janet Cardiff na George Bures Miller. Katika maonyesho ya documenta mjini Kassel, Ujerumani, mwaka 2012, walificha spika zaidi ya 30 kati ya miti ya bustani, na watu wakakaa juu ya visiki kusikiliza kwa dakika 28: upepo, hatua za watu, vita, kwaya. Hapakuwa na kitu cha kutazama isipokuwa miti yenyewe, na mtu hakuweza kujua ni sauti ipi iliyorekodiwa na ipi ya ndege wa pale pale. Nanyi mnaweza kufanya hivyo kwa spika 12 ndogo za betri. Jambo moja tu: maonyesho mawili yenye sauti yasikaribiane chini ya mita 60, la sivyo yatamezana.

Mtembeza Wageni Msituni

Salaam. Mimi huwapeleka wageni Pugu na Kisarawe, na nasema mapema kwamba nitaleta pingamizi.

Msimikaji, hujasema ni msitu upi. Kama ni ndani ya hifadhi ya mazingira asilia ya Pugu Kazimzumbwi, iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, basi mbali na kibali kuna jambo la dhamiri. Huo ni mabaki ya misitu ya pwani ambayo zamani ilikuwa mipana zaidi, na umekatwa na kuchomwa mkaa kwa miaka mingi kwa sababu uko mlangoni mwa jiji linalopika kwa mkaa. Ndani yake anaishi komba wa Rondo, mnyama mdogo mwenye uzito wa takriban gramu 60, macho makubwa, anayetoka usiku tu, na ambaye hapatikani popote duniani nje ya misitu michache ya pwani ya Tanzania. Yupo pia popo kwa maelfu katika mapango ya Pugu. Wote hao usiku ndio mchana wao. Mtakapowasha taa na kupitisha makundi 16 kwa siku tatu mfululizo, wao watakuwa hawana pa kwenda, kwa kuwa pande zote zilizobaki ni mashamba na nyumba.

Pendekezo langu ni hili: tamasha la usiku lifanyike nje ya hifadhi, katika shamba kongwe la mikorosho au miembe, ambayo Kisarawe imejaa. Mkorosho mzee hutandaza matawi hadi karibu na ardhi. Ukiingia chini yake umeingia chumbani. Hifadhi iachieni matembezi ya asubuhi, makundi madogo, bila spika na bila kitu chochote kilichofungwa kwenye mti.

Hata huko shambani, msipige misumari kwenye miti na msitumie waya. Gome likibanwa, mti hunyongeka taratibu na utaanza kunyauka mkiwa mmeshaondoka. Tumieni mikanda mipana na kamba za katani, na wekeni gunia chini ya mkanda. Njia iwe moja tu, ya kwenda mbele bila kurudi, kwa sababu mizizi mingi inayonyonya maji iko juu juu na miguu ya watu mia kadhaa huishindilia ardhi ikawa kama sakafu.

Kwa wachongaji wenu, someni habari za Arte Sella, huko Val di Sella kaskazini mwa Italia. Tangu mwaka 1986 wasanii hutengeneza kazi kwa matawi, mawe na majani, na nyingi huachwa zioze mahali zilipo. Mwaka 2001 Giuliano Mauri alisimamisha hapo kanisa la miti lenye nguzo 80 za fito zilizosukwa, na ndani ya kila nguzo akapanda mti mchanga, ili fito zioze na miti ibaki imesimama mahali pake. Mtu wa pwani anayejua kusuka ukili na kufunga makuti hahitaji kufundishwa kazi ya namna hiyo.

Msimikaji wa Tabata

Nashukuru sana. Kusema kweli nilikuwa nimeshaandika barua ya kuomba kuingia ndani ya hifadhi, na sijaipeleka. Habari za komba zimenisimamisha. Nauliza basi: shamba la mikorosho linaweza kupatikana mwezi gani? Tulifikiria Julai au Agosti, wakati wa kipupwe, kwa kuwa hakuna mvua na hali ya hewa ni ya kupendeza.

Mama Mkorosho

Mwanangu, Julai na Agosti usithubutu. Hapo ndipo mikorosho inatoa maua, na ndipo tunapopuliza salfa kuzuia ubwiri unga. Shamba lote linakuwa na vumbi la dawa, na wageni wako wakipita chini ya matawi wataondoka wanakohoa na maua yangu yamepukutika. Ua likianguka ni korosho imeanguka. Hakuna mkulima mwenye akili atakayekukubalia, na akikukubalia mwulize vizuri kama shamba ni lake.

Njoo mwishoni mwa Januari. Mavuno yanakuwa yamekwisha, na kwa sababu korosho huokotwa chini, tunakuwa tumepalilia na kufagia chini ya kila mti; nyoka huoni, mwiba huoni. Masika bado. Joto lipo, lakini usiku upepo wa kaskazi unafika huku vilimani. Ila majani makavu hayakosekani, kwa hiyo hizo koroboi alizozisema fundi zisiwe za moto wa kweli. Shamba la jirani yangu liliungua kwa kipisi cha sigara.

Halafu tazameni kalenda ya Kiislamu. Ramadhani inarudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka na sasa inaangukia huko huko Februari, nasi hatutaki ngoma wakati wa tarawehe. Chagueni siku za mwisho wa mwezi mwandamo, ndipo usiku unakuwa mweusi kama mnavyoutaka. Na kabla ya kwenda kwa afisa yeyote, nendeni kwa mwenyekiti wa kijiji na wazee. Kuna miti huku, hasa mivule na mibuyu, ambayo watu waliitambikia na wengine bado wanaitambikia. Mgeni haujui kwa kuutazama. Ataonyeshwa.

Mwalimu wa Jukwaani

Shikamoo Mama Mkorosho. Nakubaliana na shamba, ingawa moyo wangu ulikuwa msituni, na nitaeleza kwa nini, kwa sababu sitaki ibaki dhana kwamba sanaa na msitu wa asili haviwezi kukaa pamoja.

Osogbo, nchini Nigeria, kuna msitu mtakatifu wa Osun wenye ukubwa wa takriban hekta 75, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2005. Susanne Wenger, mzaliwa wa Austria aliyehamia huko, pamoja na wachongaji na mafundi wa Kiyoruba, walijenga humo maumbo makubwa ya udongo na saruji katika wakati ambao msitu huo ulikuwa ukivamiwa, na maumbo hayo yalisaidia kuulinda. Karibu zaidi na kwetu, misitu ya kaya ya Wamijikenda huko pwani ya Kenya iliingia katika orodha hiyo hiyo mwaka 2008, na mgeni anayeingia Kaya Kinondo hujifunga kaniki nyeusi kwanza. Sanaa na taratibu ndizo zilizoilinda miti. Tofauti ni kwamba huko wenye msitu ndio walioweka masharti, na mgeni aliyafuata. Kwa hiyo lile alilosema Mama kuhusu wazee lisifanywe kama hatua ya kibali. Waulizeni pia ni nini wangependa kisikike katika shamba lile usiku.

Na kaniki ni wazo lisiloghali. Kila anayeingia apewe kitambaa kimoja cheusi cha kujifunga. Nguo nyeupe na za kung'aa huharibu giza kwa kila aliye nyuma.

Fundi Mitambo

Kuhusu koroboi, Mama ana haki, niliandika nikikumbuka ukumbi. Tumieni LED ndogo za kaharabu ndani ya kopo la koroboi, jicho halitatambua. Rangi hiyo pia haiwaiti wadudu kama nyeupe inavyowaita.

Msimikaji wa Tabata

Jana usiku tulikutana wote saba na tuliyazungumza haya hadi saa 6. Tumepunguza idadi hadi watu 240 kwa usiku na tumeongeza usiku wa tatu, mwishoni mwa Januari, kabla mwezi haujaandama. Jenereta imeondolewa kwenye bajeti, na fedha yake itakodi Coaster mbili za kuwarudisha watu Gongo la Mboto, kwa kuwa kundi la mwisho litatoka karibu na saa 6 usiku na sitaki dada yeyote asimame barabarani akisubiri bodaboda. Mshonaji wetu amekataa kata kata wazo la kaniki, anasema nguo 240 ni kazi ya kiwanda, kisha leo asubuhi amenipigia simu kuuliza bei ya jora zima Kariakoo.

Kazi zimepungua kutoka tisa hadi tano, na ya tano ndiyo ile ya kitambaa. Tutaifunga chini ya mkorosho mmoja tu, mahali ambapo njia inakwisha, na mtu atasikia mtu akitwanga kinu ndani yake kwa dakika kadhaa kabla ya kuiona.

Mama Mkorosho, shikamoo. Kama hutachukizwa, tungependa kuja Jumamosi hii jioni, watu watatu tu bila kifaa chochote, tusimame chini ya miti yako giza likiingia na tusikilize panasikikaje.

Mama Mkorosho

Marahaba. Njooni kabla ya magharibi muione njia. Vaeni viatu vya kufunika vidole, na huyo mshonaji naye aje.